Manowari Mbili za Kikula

Hapa Likasi, mtaa wa Kikula, Gracien Kitenge alijulikana kuwa mtu asiyeamini hata bukari, ugali wa kwetu, mpaka aone sufuria ilimopikwa. Ukimsalimia kwa furaha alijiuliza unataka nini. Ukimsalimia kwa ufupi alijiuliza unaficha nini. Mkewe, Henriette, alishazoea.

Mtu mmoja tu alisalimika na shaka hizo: Adolphe, jirani yake wa ukuta mmoja. Ujanani waliunga matangi kwa ribiti, misumari minene ya chuma, katika karakana ya kiwanda. Adolphe alisimama nje ya tangi na nyundo. Gracien alijikunyata ndani, gizani, akikaza chuma kizito nyuma ya ribiti yenye moto. Siku nzima hawakuonana, walijuana kwa mapigo. Adolphe alipiga mawili mazito, kisha moja jepesi. Nyundo ikienda kombo, aliye ndani ndiye anayevunjika vidole. Gracien alistaafu na vidole vyake vyote.

Habari za manowari za chuma waliziokota katika gazeti kuukuu la Kifaransa kwenye maktaba ya parokia. Lilisimulia Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, karne ya kumi na tisa. Meli ya Kusini ilivikwa mabamba ya chuma yaliyoinama kama paa la nyumba. Ya Kaskazini ilikuwa ndogo, imelala bapa juu ya maji, na mnara wa mizinga unaozunguka. Zilitwangana asubuhi nzima, zimekaribiana mno, makombora yakidunda tu. Hakuna iliyozama.

Wapiga ribiti wakisoma habari kama hiyo, amani imekwisha. Waligombana miaka na miaka. Adolphe alitetea mnara. Gracien alitetea ile ya Kusini, si kwa ajili ya wenyewe, maana walipigania kumiliki watumwa, bali kwa ajili ya unene wa kuta zake. Kila mara hadithi aliikatiza kwenye makombora yaliyodunda. Adolphe naye hakukosa kumkumbusha mwisho wake: adui alipokaribia, meli ile ilikuwa nzito mno kupanda mto, ikachomwa moto na watu wake wenyewe.

Basi wakaamua kumaliza ubishi. Kila mmoja angeunda manowari yake, kubwa kama mlango, na siku ya sherehe ya parokia wangeziteremsha majini Kambove, kwenye shimo la zamani la mgodi lililojaa maji ya kijani.

Hapo ndipo Adolphe alipofunga geti lake.

"Iko na kazi," alisema mkewe, Eugénie, akiziba mlango kwa mwili wake wote. "Hapendi muntu aone."

Hapendi mtu aone! Tangu lini? Gracien alirudi kwake. Nyundo ililia ng'ambo ya ukuta kila siku, na haikuwa ya Adolphe. Mapigo yalikuwa sawasawa, mepesi, bila lile la tatu. Gracien alilitambua hilo siku ya kwanza, na akili yake ikaenda palepale ilipozoea kwenda: kuna fundi mwingine mle ndani. Kisha akamwona mwanaume mwenye mkoba mweusi akiingia getini, akikaa kidogo, akitoka bila kutazama watu. Injinia, alijisemea, na mkobani mna michoro.

Siku Eugénie alipomwuliza Henriette kisimani kama manowari ya Gracien inaendelea vizuri, naye akaileta habari nyumbani, mzee aliruka.

"Ulimwambia nini?"

"Nalimwambia inaendelea."

"Njo vile banatafuta kujua! Kikulacho ki nguoni mwako."

Akaongeza tabaka la pili la mabamba kwenye manowari yake. Nyundo ya jirani ikaendelea, naye akaongeza la tatu. Mwishowe, Jumamosi moja mchana, alishindwa kuvumilia, akaegemeza pipa ukutani, akapanda na kuchungulia.

Eugénie alikuwa ameketi kwenye kigoda. Mkono mmoja ulichambua maharage, mwingine ulipiga pipa tupu kwa nyundo. Barazani Adolphe alijifunika blanketi katika joto lile, amekonda, shingo imebaki mishipa. Manowari haikuwapo. Kando yake, mwenye mkoba mweusi alikuwa akiandaa sindano.

Adolphe akainua macho. "Pitia ku mulango, Gracien. Weye si mwizi."

Gracien alishuka, akapita getini. "Manowari yako iko wapi?"

"Haiko. Kifua ilikatala. Nyundo, miye siwezi tena."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ungeacha ya kwako. Kila asubui nasikia unapiga, najua Gracien iko anatumika kazi yake, na miye napata nguvu. Njo maana nikamwomba Eugénie apige, juu ya weye usiache."

Eugénie aliweka nyundo chini. "Papa Gracien, weye wa kumusikia ndani ya matangi, haukusikia kama ile haikuwa mukono yake?"

"Nalisikia," alisema Gracien. Kikula nzima hujua anavyotazamwa jirani asiyekuja kuketi na mgonjwa, na yeye aliyemshuku kila mtu alistahili sasa kutazamwa hivyo.

"Ulitia mabamba ngapi?" aliuliza Adolphe.

"Tatu, moja juu ya ingine."

"Itazama."

"Itazama," Gracien alikubali. Kisha, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaimaliza hadithi mwenyewe: "Hata ile ya Kusini, adui hakuiweza. Benyewe njo baliichoma. Juu ya uzito."

Kesho yake, baada ya misa, aliivuta manowari hadi barazani kwa Adolphe na kuanza kung'oa mabamba. Lililobaki chini lilikuwa na ribiti zilizolegea. Alikiweka kiganja cha rafiki yake juu ya bamba hilo, mbali na nyundo, apate kusikia. Akapiga mawili mazito, kisha moja jepesi.

Adolphe alifumba macho akasikiliza.

"Ile ya tatu," alisema, "umeichelewesha."