Koti Lililorudi Msibani

Mwaka ambao marobota ya mitumba yalianza kumwagwa sokoni Bariadi, Jilala alikuwa mshonaji mwenye cherehani yake barazani pa duka. Vijana walimletea suruali za Ulaya, huyu akitaka ibanwe, yule akitaka ipanuliwe, naye alizikata bila kuuliza kitu. Mkasi wake ulikuwa ule ule wa zamani. Hilo hakupenda kulizungumza.

Mwaka 1984, Jilala akiwa na miaka ishirini na mitatu, mkasi huo ulikuwa wa kikosi cha vijana wa maadili. Siku za mnada walisimama njiani na kumkamata kila kijana aliyevaa kihuni. Aliyebana suruali alitumbukiziwa chupa ya soda kiunoni, na chupa isipotokea chini, suruali ilichanwa mpaka gotini. Aliyefuga nywele alinyolewa palepale. Jilala aliipenda kazi hiyo. Alikuwa na sare iliyopigwa pasi wakati watu wengine walikosa hata kitambaa cha kuzikia.

Waliomkera zaidi ni vijana sita waliojiita Mabaki. Walikuwa wameokota ukurasa wa gazeti la kigeni uliofungiwa maandazi, wenye picha ya vijana wa Kizungu waliovaa nguo zilizochanika, nywele zimesimama kama kishungi cha ndege. Nao wakashona makoti kwa magunia ya pamba yaliyotoboka, wakayabana kwa pini, wakaning'iniza minyororo ya baiskeli mabegani na kusimamisha nywele kwa samli. Walisema serikali imewaachia mabaki, basi watayavaa. Aliyewashonea wenzake ni Machibya, mtoto wa kwanza wa mzee Masunga.

Siku Jilala alipomkamata, Machibya hakuwa amekuja mnadani kutamba. Baba yake alikuwa amelazwa hospitali, na mama yake, Nyanjige, alikuwa amemtuma akamwangalie. Alikuwa anarudi na habari njema kwamba mzee ameanza kula. Alimweleza Jilala hivyo, akaomba aachwe awahi nyumbani.

"Utawahi," Jilala alimjibu, watu wakicheka. "Tena ukiwa msafi."

Akamnyoa kwa wembe mkavu, kichwa kizima. Koti la gunia alimvua kwa mikono yake, akatangaza kwamba litachomwa moto.

Kwa Wasukuma, mtoto hunyolewa kichwa baba yake anapokufa. Jilala alilijua hilo tangu utotoni, lakini siku ile halikumjia kabisa. Nyanjige alikuwa shambani akichuma pamba alipokiona kwa mbali kichwa cha mwanawe kikimeta juani. Alitupa kikapu, akapiga yowe. Majirani wakalipokea. Mpaka Machibya anafika na kusikilizwa, moto wa jikoni ulikuwa umezimwa, wanawake walikuwa chini wakigaagaa, na mjumbe alikuwa njiani kwenda Kiloleli kuwaita wadogo zake marehemu.

Wiki mbili baadaye marehemu alirudi kwa miguu yake, akayakuta majivu ya msiba wake uani. Masunga alishika mambo ya wazee. Alisema mtu hawezi kulala katika nyumba ambamo ameshaliliwa. Akaswaga ng'ombe wake, akaacha shamba na kaburi la mama yake, akahamia Mwandoya.

Mjini watu walilicheka jambo hilo mwezi mzima, na Jilala alicheka pamoja nao.

Kikosi hakikuvunjwa kwa tangazo. Sare ziliacha tu kuvaliwa, na kiongozi wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua banda la mitumba. Jilala alibaki na mkasi, na chini kabisa ya sanduku lake, lile koti. Mke wake, Specioza, alilikuta humo siku moja. Aliuliza ni la nani, akaambiwa, akalikunja.

"Lina mwenyewe hili," alisema. "Lirudishe."

Jilala alisema atalirudisha. Miaka ikapita akisema hivyo.

Mwaka 1991 mfanyabiashara wa ng'ombe alileta habari kwamba Masunga amefariki, safari hii kweli. Ila msiba ulikuwa umekwama. Ndugu wote walikuwa wamenyolewa isipokuwa Machibya. Aliposogezewa wembe alisema kwa ajili ya baba huyu alishanyolewa, watu wamuulize Jilala. Na mtoto wa kwanza asiponyolewa, mjane hawezi kutolewa msibani. Ilikuwa siku ya tisa Nyanjige akikaa kwenye mkeka.

Usiku ule Jilala hakulala. Alfajiri alidandia lori la pamba, koti likiwa limefungwa kwenye gazeti.

Huko Mwandoya alikuta wanaume wameketi uani. Alipiga magoti mbele ya mkeka wa Nyanjige na kumwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Nyanjige aliangalia pembeni. Mzee mmoja, mdogo wa marehemu, alimtambua.

"Bwana Chupa," alisema. "Umekuja kumpima nani leo?"

Jilala alimpa Machibya koti, akasema yale aliyoyapanga njiani: kwamba alikosa, kwamba koti hakulichoma bali alilifungia sandukuni, kwamba habari njema ya baba yake aliigeuza kilio, kwamba amekuja kuomba radhi kwa wote. Machibya hakuonekana kusikiliza. Alikuwa akiligeuza koti kama mshonaji anavyogeuza kazi ya mwenzake.

"Kiwiko hiki hakikuwa na kiraka."

"Kilichanika," Jilala alisema.

"Kikiwa sandukuni?"

Hapo ndipo Jilala alipoona kwamba safari yote hii alikuwa amekuja kukiri kosa dogo. Angeweza kusema ni panya. Nyanjige alikuwa amegeuka, anamtazama.

"Nilikuwa nalivaa," alisema. "Nikiwa peke yangu, nimefunga mlango."

"Ukimwonyesha nani?" Machibya aliuliza.

"Kioo. Tangu jioni ile ile niliyokunyoa. Nililiona zuri."

Hakuna aliyecheka. Machibya alimrudishia koti.

"Basi livae."

"Hapa?"

"Mimi nilivuliwa mbele ya watu. Livae, na mimi nitanyolewa."

Jilala alilivaa. Tumbo halikuruhusu pini za mbele zifungwe, na mnyororo ulilia begani kila alipohema. Nyanjige akafungua kinywa kwa mara ya kwanza, akamwambia asogee penye jua ili watu wote wamwone. Akasogea.

Machibya aliketi kwenye kigoda na kuinamisha kichwa. Wembe ulianzia kisogoni. Nywele zilianguka chini polepole, na baadaye wanawake walimshika Nyanjige mikono, wakamwinua kutoka kwenye mkeka. Jilala alisimama pale pale juani na koti lake la gunia, akingoja mtu amwambie avue.

Hakuna aliyemwambia.