Jina la Mwanatatu Mlangoni kwa Garama

Mwanatatu alikuwa akiuza leso. Aliachika mwaka wa themanini na tatu, akatoka kwao Likoni akaja kupanga chumba Chaani, na kila asubuhi isipokuwa Ijumaa alijitwisha bunda lake akatembea nyumba kwa nyumba mpaka Port Reitz na kurudi. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na watu walimpenda kwa kuwa hakumkazania mtu kununua. Akikaribishwa ndani hupewa maji, leso hutandazwa mkekani, na wanawake huzungumza. Nani mumewe amehamishiwa Kisumu. Nani anastaafu bandarini. Nyumba gani ndugu wanaigombania tangu mama yao azikwe.

Mwanaume hafiki mahali zinaposemwa habari hizo. Muuza leso huzipata bila kuzitafuta, na Mwanatatu hakudhani hata siku moja kwamba zina bei.

Aliyejua bei yake ni Jaffar. Jaffar alikuwa dalali wa nyumba, na ofisi yake ilikuwa benchi nje ya kinyozi, pale Chaani. Kanzu safi, kofia ya kushonwa kwa mkono, kijitabu mfukoni. Mwanatatu akipita na bunda lake, Jaffar humsogezea nafasi.

"Pumzika, dada. Jua kali leo. Watu wa Port Reitz hawajambo?"

Chai huletwa. Mwanatatu huzungumza, kama mtu azungumzavyo akiulizwa habari kwa adabu. Mara nyingine, akiinuka, Jaffar humtia mkononi noti ya ishirini na kumwambia ni ya sukari. Mwanatatu aliihesabu kuwa ni heshima. Miaka mitatu aliihesabu hivyo, na baadaye alipoikumbuka miaka hiyo mitatu alijichukia yeye kabla ya kumchukia Jaffar.

Mwaka wa themanini na saba Garama alistaafu bandarini. Yeye na mkewe Kafedha walikuwa na nyumba ya vyumba sita, waliyoijenga kwa miaka kumi na miwili, chumba baada ya chumba, kila likizo bati kadhaa. Kama nyingi za hapo, ilikuwa nyumba bila ardhi: kuta na mabati ni vyako, udongo ni wa mtu mwingine, na kila mwezi wamlipa kodi ya udongo wake. Walitaka kuuza warudi kwao Kaloleni wakalime. Kafedha alimwambia Mwanatatu habari hiyo huku akichagua leso ya safari, na jioni ile ile Mwanatatu akaisema kwenye benchi la kinyozi, baina ya kikombe cha kwanza na cha pili.

Miezi miwili baadaye alibisha hodi nyumba ile, akafunguliwa na mwanamke asiyemjua.

"Wenyewe wameshahama," mwanamke akasema. "Sisi tumenunua. Elfu tisini na tano, na dalali hakutupunguzia hata mia."

Mwanatatu alifurahi. Elfu tisini na tano ni pesa. Alisikia Kafedha yuko kwa dada yake huko Changamwe, anangoja lori la kupakia vyombo, akaenda kumpa mkono wa hongera kabla hajaondoka. Alimkuta ameketi kizingitini. Kafedha hakuinuka.

"Wataka nini tena?"

"Nimekuja kukuaga, mwenzangu. Nimesikia mmepata tisini na tano. Si haba."

"Tisini na tano za nani? Sisi tulipewa arubaini na mbili."

Akamweleza. Jaffar alikuja siku ya Jumatatu, akapiga hodi, akasema: nimetumwa na Mwanatatu. Kwa hiyo alikaribishwa, akapewa kiti kizuri. Akamwambia Garama, kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenziwe, kwamba mwenye ardhi anataka kuusafisha mstari ule wote ajenge maghala, na akishabomoa halipi hata bati moja. Ni heri kuuza sasa kuliko kuuza kifusi. Garama, mtu aliyebeba magunia miaka thelathini, hakupata usingizi siku nne. Siku ya tano akatia sahihi.

"Mimi sikumtuma," Mwanatatu akasema.

"Jina lako ndilo lililobisha hodi. Angekuja na lake, Garama angemwacha nje."

Garama mwenyewe alikuwa ndani, wanamsikia akikohoa. Hakutoka kumsalimu.

Mwanatatu alirudi Chaani kwa miguu, na siku hiyo hakuingia nyumba yoyote. Hasira ilikuwa imemkaa kifuani kama kitu alichokimeza kizima. Angeibiwa bunda lote la leso asingeona uchungu ule. Leso hununuliwa nyingine. Jina lake alilijenga kwa miaka minne ya kusema kweli kuhusu kitambaa kinachochuja rangi na kisichochuja, na mtu amelichukua akalitumia kama ufunguo.

Jaffar alikuwa mahali pake. Watu watatu wanangoja kunyolewa.

"Umemlipa Garama arubaini na mbili, ukauza tisini na tano," Mwanatatu akasema akiwa amesimama.

"Keti kwanza, dada."

"Siketi. Ulimwambia watabomolewa."

"Nilimwambia nilichosikia. Nilimshika mkono akatia sahihi?"

"Na mimi ulinisikia nikikutuma?"

Jaffar akatabasamu kwa wale watatu, kama mtu aliyesumbuliwa na jamaa yake. Akatoa noti ya mia, akamnyooshea. "Chukua, ukanunue chochote. Ulikuwa na haki yako, nilisahau. Biashara hii ni ya wanaume, ina maneno mengi. Wewe rudi kwenye leso zako."

Mmoja wa wale watatu akacheka. Mwanatatu hakuipokea ile noti, akaondoka. Alijua angefungua kinywa angesema maneno ambayo mamake hakumfundisha.

Kesho yake alirudi kwa yule mwanamke aliyenunua, akamwomba amwonyeshe karatasi. Mwanatatu alisoma mpaka darasa la nne, akazisoma karatasi zile polepole, kidole juu ya mstari. Zilikuwa mbili. Ya kwanza, Garama amekubali kumuuzia Jaffar kwa arubaini na mbili, amepokea arubuni ya elfu mbili, na Jaffar ana mwezi mmoja wa kumaliza. Ya pili, Jaffar anampa mnunuzi nafasi yake kwa tisini na tano. Basi. Jaffar hakununua nyumba. Alimfunga mwenye nyumba kwa elfu mbili, akazunguka kumtafuta mwenye pesa, na pesa za mnunuzi ndizo zilizomlipa Garama. Elfu mbili zikazaa hamsini na tatu.

Na habari ya kwanza, ile ambayo bila yake hakuna karatasi wala arubuni, ilitoka kwa muuza leso akinywa chai.

"Elfu mbili," Mwanatatu akamwambia yule mwanamke, akimrudishia karatasi zake. Bunda la Mwanatatu lenyewe lilikuwa na thamani ya zaidi ya hapo.

Akaanza. Hakumwambia mtu kwamba anaanza, alibadilisha tu njia zake na maswali yake. Zamani alisubiri kuambiwa, sasa aliuliza. Akiona bati limetoboka halizibwi msimu wa pili, au nyasi zimefika dirishani, aliuliza jirani mwenyewe yuko wapi. Akisikia matanga yamekwisha, alikaa mpaka siku arubaini zipite ndipo akabisha, kwa kuwa kuna mambo ambayo hata hasira haiyahalalishi. Na kabla hajampata muuzaji hata mmoja, alitafuta wanunuzi. Aliwaendea wake za watu wa uwanja wa ndege, waliochoka kupanga, akawauliza: wataka vyumba vingapi, upande gani, mumeo ameweka ngapi. Wanawake walimjibu. Kwao alikuwa yule yule Mwanatatu wa leso.

Miezi saba hakupata kitu. Wawili walibadili nia, mmoja nyumba yake ilikuwa na kodi ya ardhi ya miaka sita haijalipwa, na Mwanatatu akajifunza kuuliza stakabadhi kabla ya kuuliza bei. Leso zilipungua, na kodi ya chumba chake ilichelewa. Kila akipita kwa kinyozi Jaffar humwita, "Dalali!" na benchi lote hucheka.

Mwaka uliofuata Mwanasiti, mfumaji mikeka wa Port Reitz, alimwambia kwamba yeye na kaka yake Khatibu wamerithi nyumba Chaani na wataka kugawana. Walitaja bei ya elfu sitini. Mwanatatu aliuza leso zake kwa bei ya kununulia akapata elfu moja na mia tano, akawapa arubuni. Mwandishi wa barua akaandika makubaliano ya mwezi mmoja, mzee wa mtaa akashuhudia. Wiki ya pili akampata Gona, mpakia mizigo wa uwanja wa ndege, mtu mwenye watoto watano katika chumba kimoja. Gona alisema ataweza sabini na nane.

Wiki ya tatu Jaffar alikwenda kwa Khatibu.

Mwanatatu aliitwa nyumbani kwa Mwanasiti siku ya Jumamosi asubuhi. Akamkuta Khatibu amekunja uso, na Jaffar kwenye kiti, mguu juu ya mguu.

"Bibi," Khatibu akasema, "arubuni yako hii hapa. Bwana Jaffar atupa sitini na tano."

"Tena mwanamke hana haki ya kushika makubaliano ya nyumba," Jaffar akaongeza. "Karatasi ile haina nguvu."

Mwanatatu hakuzigusa zile pesa. Alimtuma mwana wa Mwanasiti akamwite Gona na mkewe, akaketi kungoja. Jaffar alitazama mlango mara mbili.

"Huyu ni Gona," Mwanatatu akasema walipoketi. "Ndiye mnunuzi wangu. Gona, waambie utatoa ngapi."

"Sabini na nane," Gona akasema.

Khatibu akainua kichwa.

"Nyinyi mlitaka sitini," Mwanatatu akawaambia. "Nilikusudia kuwapa sabini mimi nichukue nane, na ningewaambia siku ya kulipana. Sasa nawaambia leo. Nane ni zangu, kwa miguu yangu na kwa leso nilizouza bila faida. Sasa muulizeni huyu bwana. Anawapa sitini na tano. Mnunuzi wake ni nani, na amlipa ngapi?"

"Mnunuzi ni mimi," Jaffar akasema.

"Ya Garama pia ulinunua wewe. Nimezisoma karatasi. Niliposoma tisini na tano nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba ile ile."

Uso wa Jaffar ulibadilika. "Haya ni mambo ya biashara, si ya kusemwa mbele za watu."

"Mimi nayasema mbele za watu. Mnunuzi wako nani?"

Khatibu akageuka. "Mjibu, bwana. Nami nataka kujua."

Jaffar aliinuka. Alitia kijitabu mfukoni, akaitengeneza kofia, akatoka bila kuaga. Mwanasiti ndiye aliyechukua zile elfu moja na mia tano kutoka mkekani, akamrudishia Mwanatatu mkononi, akamwambia kaka yake, "Andika na Gona."

Watu walitegemea kumwona Mwanatatu akicheka siku hiyo. Hakucheka. Walipolipana, alichukua elfu tatu katika zile nane, akapanda basi mpaka Kaloleni, akauliza njia mpaka kwa Garama. Alimkuta Kafedha akipalilia mihogo. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, vyumba viwili, kimoja hakijaezekwa.

Kafedha alizitazama zile pesa. "Hizi si zetu. Zetu ziko kwa Jaffar."

"Zake sizipati."

"Basi usiniletee zako ili upate usingizi."

Mwanatatu alizifunga pesa tena penye pindo la leso yake. Alishika jembe la pili lililokuwa limeegemezwa ukutani, wakapalilia matuta mawili, na saa ya basi ilipofika Kafedha alimsindikiza mpaka barabarani. Walipeana mkono. Hakumwambia arudi.

Mwanatatu alifanya udalali miaka kumi na moja, Chaani, Port Reitz na hata Likoni kwao. Hakutajirika. Muuzaji na mnunuzi aliwakalisha mkeka mmoja kila mara na kuitaja sehemu yake wote wakisikia, na kuna waliomtoroka kwa sababu hiyo, wakaenda kuandikiana pembeni ili wasimpe chochote. Hao aliwakasirikia, kisha akatafuta wengine. Jaffar naye aliendelea na benchi lake, akanenepa, akapata wengine wa kumletea habari. Asubuhi alimtolea salamu akipita. Mwanatatu aliirudisha, kwa kuwa kuirudisha salamu ni wajibu, na hakumwongezea neno mpaka yeye mwenyewe alipohama mtaa.