Kibanda cha Kontroo

Siku yangu ya kwanza kazini nilijibu swali vibaya, na sikuwa peke yangu. Tulikuwa waajiriwa wapya wachache, tumesimama juani nje ya ofisi ya mradi wa utafiti wa mbu pale Ifakara, kila mmoja amevaa viatu vyake vya kanisani. Msimamizi wa Uwandani, mtu mrefu aliyependa kufuta miwani yake kila alipotaka kumtega mtu, akatuuliza, "Kontroo ni nini?"

Mmoja akasema ni ile ya kubadilishia chaneli. Mwingine, aliyekuwa ametoka kambi ya jeshi ya Chita, akasema kontroo ni kituo kikuu cha redio, kile anachokiita kila aliyepotea porini. Wa tatu alikulia kwenye mashamba ya miwa, akasema ni geti la kukagulia magari. Wa nne alikuwa mchezaji mpira, akajipiga kifuani kutuonyesha jinsi mpira unavyotulizwa. Mimi niliyejiona msomi nikasema kontroo ni kudhibiti: malaria, uzazi, hasira.

"Wote mko sawa," akasema Msimamizi, "na hakuna hata mmoja anayenifaa." Akatupeleka nyuma ya ofisi, palipokuwa na kibanda cha mbao cha kufundishia. "Kontroo ni hiki. Ni kibanda ambacho hatukifanyi kitu."

Nimestaafu sasa, na neno hilo bado linanifuata. Siku hizi huwezi kulipa bili ya maji bila kontroo namba, na mpwa wangu akiwasha bodaboda namwambia asije akapoteza kontroo. Waingereza wana maneno mafupi yenye kazi nyingi, kama jembe la nyumba yenye watu wengi. Lakini mimi nikilisikia neno hilo, hata benki, nakiona kibanda kile. Nitawaeleza ninyi vijana mnaoingia kwenye kazi hii, kwa sababu mafunzo yenu ya kompyuta hayatawaeleza.

Nilianzia kwenye nyumba ya kufugia mbu. Mkuu wa Maabara, mama mnene mwenye sauti ya kwaya, alinifundisha kutumia mrija: bomba la kioo lenye mpira, unaliweka mdomoni na kumvuta mbu bila kumvunja mguu. "Usivute kwa pupa, Skola," alikuwa akiniambia. "Vuta kama unaonja uji wa moto. Ukimmeza, hatumhesabu." Nilijifunza kumtambua aliyeshiba damu na mwenye njaa kwa jicho moja, na kwamba mbu gizani hamwoni mtu. Anafuata pumzi, kisha joto, kisha jasho. Hayo ya damu tamu na damu chungu ni maneno ya barabarani.

Nilipoiva nikahamishiwa uwandani, kijiji cha mpunga kando ya mto, upande wa kuelekea Malinyi. Huko vibanda vyetu vya majaribio vilikuwa vimepangwa mstari mmoja, vimesimama juu ya nguzo, na kila nguzo imezungushiwa mfereji wa maji ili siafu na sisimizi wasipande kula mbu waliokufa. Kila kibanda kilikuwa na kitanda, chandarua kilichotobolewa makusudi, na mtego dirishani. Vingine viliwekwa dawa hii au ile. Kimoja hakikuwekwa kitu. Jioni waliingia walalaji, watu wazima wa pale kijijini waliokubali kwa hiari yao, waliopewa dawa ya kinga na kupimwa mara kwa mara. Alfajiri mimi na mrija wangu tulipita kibanda hadi kibanda kukusanya.

Lipo jambo moja la kushika hapa. Walalaji walizunguka. Aliyelala kibanda hiki leo, kesho alihamia cha jirani, mpaka wamalize mstari wote. Sababu ni kwamba watu hawafanani kwa mbu. Bila kuzunguka, usingejua kama ni dawa iliyofukuza mbu au ni mtu mwenyewe.

Katika walalaji hao alikuwemo mdogo wangu wa tumbo moja, Eustaki. Naomba nimweleze vizuri. Miaka michache kabla ya hapo, mafuriko ya masika yaliupindua mtumbwi wake. Tulimtafuta mpaka wavuvi wenyewe wakatuambia tupumzike. Tukaweka matanga bila mwili, tukanyoa nywele, tukagawa nguo zake kama desturi inavyotaka. Msiba ulikuwa umekwisha kabisa alipotokea njiani, amekonda, anacheka. Wavuvi wa kambi ya mbali walikuwa wamemwokota akiwa na homa, wakamuuguza. Tulilia tena, safari hii kwa furaha, tukachinja mbuzi. Watu wakataka kumrudishia nguo zake, akakataa. "Vaeni tu," alisema. "Mimi nimezaliwa upya." Tukaona ni ucheshi wake.

Mwanzoni alilala kama wenzake na mbu walimfuata kama wenzake. Halafu mvua zikaanza, mto ukaingia mashambani. Alfajiri moja nikapanda ngazi ya kontroo alimokuwa yeye, na sikusikia kitu. Kontroo ina sauti yake asubuhi. Mbu waliokwama mtegoni wanavuma kama redio isiyoshika stesheni, unawasikia ukiwa bado chini. Siku hiyo kulikuwa kimya. Nikamulika kuta, paa, chandarua, mtego. Hakuna hata mmoja. Eustaki alikuwa amelala chali, macho wazi, ananitazama.

"Umelalaje?" nikamuuliza.

"Nimelala mno, dada. Kama mtu aliyezimwa."

Msimamizi alifuta miwani muda mrefu. "Sifuri ya kibanda chenye dawa ni habari njema," akasema. "Sifuri ya kontroo ni balaa. Kama pale tusipofanya kitu mbu hawaji, basi hatujui lolote kuhusu pale tulipofanya."

Jioni Eustaki akahamia kibanda cha jirani, na Tadei, mvuvi mmoja msemaji sana, akaingia kontroo. Asubuhi kontroo ilikuwa inavuma kama zamani. Sifuri ilikuwa kwa Eustaki. Alipohama tena, ikahama naye. Ilimfuata mstari mzima kama mbwa anayemjua mwenyewe.

Msimamizi akaniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alisema kilichokuwa kwenye akili yake. "Mdogo wako halali humo. Anaingia jioni, tukigeuka anatoka, alfajiri anarudi. Huo ni wizi wa posho, Skola. Nitamwachisha kazi, na kijiji kizima kitajua sababu."

"Mkuu, mpime kwanza."

Akakubali. Akamwaga majivu kwenye ngazi na chini ya dirisha, kama bibi zetu walivyofanya walipotaka kumjua mwizi wa kuku. Asubuhi majivu yalikuwa laini, hayana hata unyayo wa mjusi. Ndani, Eustaki amelala chali. Mbu, hakuna.

Nilimwona Msimamizi akiyatazama yale majivu. Jioni hiyo aliagiza kitanda cha pili kiingizwe, Tadei alale sambamba na Eustaki. Walikuwa karibu kiasi cha kupeana kiberiti.

Alfajiri mbu walikuwepo, wengi, wameshiba. Tadei aliteremka ngazi amevimba mikono. Nikampa chai, hakunywa.

"Vipi, ndugu yangu?"

"Mama, mle ndani nimelala peke yangu."

"Si ulikuwa na Eustaki?"

"Nilinyoosha mkono nikamgusa. Alikuwepo." Akatazama kibanda. "Lakini nimelala peke yangu."

Hakurudi tena kazini.

Niliogopa, niseme wazi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mbu hufuata pumzi, na nilijua maana ya mbu wasiomfuata mtu. Nikampeleka Eustaki hospitali. Daktari akamsikiliza mbele na nyuma. "Mapafu safi, moyo mzuri. Huyu mrudishe shamba akalime." Eustaki akacheka, mimi nikacheka, tukatoka nje. Njiani akasema, "Dada, hata wewe unanitazama kama unatazama picha." Nikamwambia aache upuuzi. Usiku huo sikula.

Nikaenda kwa shangazi yetu, dada wa marehemu baba, aliyekuwa akiishi pembeni mwa mji. Alinisikiliza huku akipepeta mchele.

"Shikamoo tena, shangazi, maana sijui niseme nini."

"Marahaba. Sema hivi: tulimzika kwa vinywa vyetu. Nani alimfukua?"

"Si alirudi mwenyewe?"

"Alirudi kwa miguu. Kilio chetu bado kiko kule kule tulikokipeleka." Akaweka ungo chini. "Kila aliyechukua nguo yake ailete, amvike kwa mkono wake, amwite jina. Wote, Skola. Hata kama imebaki tambara."

Mimi ni Mkatoliki na ni mtu wa maabara. Nilikuwa na majibu ya kumpa, ila hakuna hata moja lililomhusu Eustaki. Nikaanza kuzitafuta zile nguo. Shati nilikuwa nalo mimi mwenyewe. Suruali alikuwa nayo jirani, kofia alikuwa nayo katekista. Koti lilikwenda kwa binamu yetu aliyeishi Masagati. Nikapanda treni hadi Mlimba, kisha lori, kisha miguu, mvua ikininyeshea.

Mke wa binamu alinipokea kwa heshima. Mumewe alikuwa amefariki, habari haikuwa imetufikia. Nilimpa pole, tukalia kidogo, kisha nikauliza habari za koti.

"Alilipenda sana, wifi," akasema. "Tulimzika nalo."

Akanipeleka kaburini. Nilisimama pale kwenye tope, nikimwombea binamu, na mawazo yangu hayakuwa kwa binamu. Nilikuwa nawaza kwamba udongoni, chini ya miguu yangu, ipo nguo ya mdogo wangu aliye hai, imefungwa vifungo.

Shangazi aliposikia aliuchukua ungo wake akaendelea kupepeta. Mwisho akasema, "Tutafanya kwa vilivyopo."

Tukakusanyika uani kwake mchana kweupe. Nikamvika shati nikamwita, "Eustaki." Jirani akamvika suruali juu ya suruali, akamwita. Katekista akamvika kofia, akamwita, kisha akafanya ishara ya msalaba kwa haraka. Ikafika zamu ya koti. Shangazi akasimama nyuma yake, akainua mikono mitupu kama mtu aliyeshika koti mabegani. Akamwingiza mkono wa kulia, akamwingiza wa kushoto. Akaja mbele akafunga vifungo, kimoja kimoja, kwenye hewa. "Eustaki."

Mdogo wangu akajinyoosha mabega. "Shangazi," akasema, "linanibana kwapani."



Msimamizi alinipa nafasi moja ya mwisho. "Alale kontroo. Ikiwa sifuri, ataondoka kwa heshima, sitamchafua." Kazi yangu yote ilikuwa vita na mbu. Alfajiri ile nilisimama chini ya ngazi nikamwomba Mungu anipe mbu.

Kulikuwa kimya. Nikapanda. Nikamulika kuta, paa, mtego. Halafu nikamwona, mmoja tu, ametua ubaoni karibu na mto wa kulalia, tumbo limejaa, jekundu, zito hata anashindwa kuruka. Nikamvuta kwa mrija taratibu, kama uji wa moto, na machozi yananitoka. Eustaki alikuwa ameketi kitandani anajikuna kiwiko.

"Dada, chandarua chenu hiki kina matundu."

Nikamkumbatia, nikamwambia ndiyo, kina matundu.

Mbu yule alipelekwa maabara kupimwa damu, kama walivyopelekwa walioshiba wote. Kipimo hukuambia kama alikunywa kwa mtu, ng'ombe, mbuzi, kuku au mbwa. Mkuu wa Maabara aliniita mwenyewe. Damu haikuwa ya mtu. Haikuwa ya ng'ombe wala mbuzi, wala kuku, wala mbwa. "Imeharibika njiani," akasema. "Hutokea." Ni kweli hutokea. Nimeona ikitokea mara nyingi, kabla na baada ya hapo.

Siku zilizofuata mbu walimjia Eustaki, wachache kuliko wenzake, lakini walimjia. Msimamizi akamtoa kwenye ulalaji akampa kazi ya kusafisha mifereji, na hakuna aliyemwita mwizi. Mimi nikapelekwa Chita, nikawa msimamizi wa kikundi changu mwenyewe. Mwishoni nikarudishwa kwenye nyumba ya kufugia mbu kufundisha wapya, na huko ndiko nilikoagwa kwa keki na kitenge.

Watafiti wadogo wakija kunisalimia huniuliza kama dawa ya shangazi ilifanya kazi. Nawajibu kama nilivyofundishwa. Ili kujua ningehitaji kontroo: Eustaki mwingine, aliyepotea vilevile, akaliliwa vilevile, kisha asivikwe kitu. Ningewalaza sambamba, nikawahesabia mbu. Vijana hucheka. Mimi sicheki, kwa sababu sikuwa na wawili. Nilikuwa na mmoja, na nilimfanyia kila nilichoweza, kwa hiyo sitajua kamwe.

Siku hizi analima mpunga wake, na jioni hupita kwangu tule pamoja. Tunakaa barazani upande usio na wavu, na mimi, mtu niliyeitafuta dawa ya mbu hadi uzeeni, siwashi hata udi wa mbu. Tunaongea habari za shamba na watoto. Namwacha aongee, nasikiliza. Akijipiga kofi shingoni na kumtukana mbu, ndipo ninapoinuka kwenda kupakua chakula; kabla ya hapo siinuki.

Jana tulikula tumechelewa sana.