Mama, zizi na umri wa pulsa

Leo asubuhi mama amebomoa sura nzima ya tasnifu yangu, na hakuacha hata kukamua.

Nilikuwa nimetoka kuituma kwa msimamizi wangu. Inahusu pulsa moja changa, yaani kiini cha nyota iliyolipuka, ambacho bado kinakimbia.

Nikamweleza mama kwa furaha. Mlipuko uliacha wingu. Napima pulsa imefika umbali gani kutoka katikati ya wingu, nagawanya kwa kasi yake, napata umri wake.

"Nani alikwambia ilianzia katikati?"

Nikacheka. Jamani, nilicheka.

"Ng'ombe akitoroka, mimi naanza kufuata nyayo pale alipolala. Katikati ya zizi nitafuata nini, mavi?"

Akalionyesha zizi letu kwa kidevu. Tangu mafuriko ya mto Tana tumelipanua upande wa juu tu, maana huku chini ni tope. Katikati ya leo siyo katikati ya mwaka jana.

Nikatoa simu, nikafungua picha.

Wingu langu nalo limebonyea upande mmoja, pale lilipogonga gesi nzito, likatanuka zaidi upande wa pili. Nimeliona kila siku kwenye picha. Nikalichorea duara, nikaweka nukta katikati, nikaendelea na hesabu.

"Sasa ina miaka mingapi?"

"Sijui, mama."

"Basi mwambie mwalimu wako hivyo, kisha uje unishikie ndama."

Ndama nimemshika. Barua ya kuiondoa ile sura nimeituma sasa hivi, na simu bado kimya.

Nani hapa aliwahi kumwambia msimamizi wake "sijui" na akabaki salama?