Chuo Kilicho Chini ya Kioo

Na itangazwe kwa watu wote, wa kisiwani na wa ng'ambo ya maji: chuo kikuu chetu cha umma kimekamilika! Kina kitivo cha udaktari, hospitali ya kufundishia na uwanja wenye paa, na chote kimeenea juu ya meza moja ukumbini. Mwenye kukitunza ni ofisa uhusiano. Kila asubuhi hufuta kioo kwa ncha ya tai yake ya shingoni, hupuliza vumbi kwenye mabweni, kisha huwainua wanafunzi wa plastiki walioanguka na kuwabandika upya kwa gundi, taratibu, kama mama anayemvisha mtoto soksi. Wageni wakija, huwaonyesha majengo kwa antena ya redio mbovu. Akifika hospitali, sauti humshuka kama mtu aliyeingia msibani. Nyuma yake, dirishani, kuna kiwanja cha magugu asichokigeukia kamwe.

Juzi alikuja baba mmoja na bintiye aliyechaguliwa kusomea udaktari. Binti alikuwa ameshavaa koti jeupe tangu kwenye boti. Baba akasikiliza maelezo yote, akachungulia dirishani, akarudi mezani kwa ofisa.

"Mwanangu, niwie radhi, macho ya uzee haya. Hospitali yenyewe iko wapi? Huyu anaanza kesho."

"Baba, taratibu basi," binti akanong'ona, huku akifunga vifungo vya koti.

Ofisa akafunua kioo, akachagua mwanafunzi mmoja wa plastiki, akampaka gundi miguuni, akamsimamisha mlangoni pa hospitali.

"Huyo hapo, mzee. Ila tafadhali, usiegemee meza."