Dawa za Bwire

Asenath alikuwa akishona sare za shule huko Mbotela, mguu kwenye cherehani na jicho kwenye simu. Mdogo wake, Bwire, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa na kifafa. Mama yao alikuwa amewakataza kulitaja neno hilo mbele za watu tangu walipokuwa kwao Busia. "Mkiulizwa, semeni tu anatumia dawa."

Kwa hiyo Bwire alipoanza kuuza viatu vya mitumba katika soko la Muthurwa, Asenath alimwambia hivyo hivyo Kavinya, mama wa mboga wa kibanda cha pili: "Umwangalie kidogo, anatumia dawa."

Kavinya aliguna. Hakuuliza ni dawa gani. Tangu siku hiyo akawa anavuta mkoba wake karibu kila Bwire akipita, na wauzaji wengine wakawa wananong'ona wakimwona akimeza tembe.

Bwire aliyaona yote. Akaacha kubeba tembe sokoni, kisha akaacha kuzimeza hata nyumbani. "Nimekunywa, dada," alikuwa akijibu, macho chini. Asenath hakutulia. Alimpigia asubuhi, akapiga mchana, akakata kabla hajajibiwa, akapiga tena.

Alhamisi moja aliyepiga simu ni Kavinya. "Mama, kuja haraka! Kijana amezidisha zile dawa zake. Ameanguka."

Asenath alidandia bodaboda, tepu ya kupimia ingali shingoni. Alimkuta Bwire amelala katikati ya viatu, kifafa kimemwachia mara moja na sasa kimemshika tena. Mwanamume mmoja alikuwa akijaribu kumpanua meno ammiminie maziwa.

"Yatamaliza nguvu ya hizo dawa," alisema. "Hawa vijana wa madawa tunawajua."

"Wacha! Atapaliwa!" Asenath aliusukuma mkono wake, maziwa yakamwagika. "Hajabugia kitu! Ana kifafa! Dawa zake ni za hospitali!"

Watu walirudi nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake kama vile neno lenyewe lingemrukia. Kavinya peke yake ndiye aliyepiga magoti.

"Nishike wapi?"

"Tumgeuze ubavu. Weka leso chini ya kichwa."

Jioni, kwenye kitanda cha hospitali, Bwire alifumbua macho akamtazama dadake.

"Umewaambia."

"Nimewaambia."

"Bora wangeendelea kuniita mtu wa madawa. Huyo wanamwogopa, lakini viatu vyake wananunua."

Asenath alitoka akasimama kwenye baraza, akarudi ndani, akatoka tena. Mwishowe akampigia mama yake Busia, akamweleza kila kitu.

Mama aliuliza: "Sasa mke atampata wapi?"

"Angekufa leo, Mama."

"Nimesikia. Lakini mke atampata wapi?"

Bwire alirudi Muthurwa baada ya wiki. Jirani wa upande wa kushoto alikuwa amehamisha meza yake. Kavinya alikuwa pale pale, na akimwona mtu anakodolea macho tembe za Bwire, humwambia waziwazi ni za kifafa. Siku nyingine Bwire hucheka. Siku nyingine humkaripia anyamaze, kisha humeza tembe yake akiwa amewapa wateja mgongo.