Alama za Kukaa Kivulini

Kila ninapozoa majivu jikoni asubuhi, harufu yake baridi hunirudisha kwenye uwanja wa shule yetu ya msingi, upande wa Mutomo. Siku ya michezo ilipokaribia, kila mwanafunzi aliagizwa kuleta majivu kutoka nyumbani. Tuliyamwaga kwa mstari juu ya udongo mwekundu, yakawa ndiyo chokaa yetu. Upepo ukivuma, mstari ulihama, na wajanja wakakimbia mzunguko mfupi bila mtu kuwalaumu.

Mimi sikuwa nikikimbia. Polio iliniacha na mguu wa kushoto mwembamba kama mpini wa jembe, nami nilitembea nikilishikilia goti kwa mkono. Kipindi cha michezo kikifika, Mwalimu Nzioka, aliyetufundisha darasa la sita, alinielekeza kwenye kivuli cha ukuta nichunge sweta za wenzangu. Nilikuwa hodari wa kuzikunja. Nilizijua hata kwa kunusa: hii ya moshi, ile ya maziwa ya mbuzi, na ya rafiki yangu Kavata ilinuka mafuta ya taa kwa kuwa mama yake aliyauza nyumbani.

Muhula mmoja mwalimu mkuu alitangaza paredini kwamba michezo itatolewa alama kama hesabu na Kiswahili, na alama hizo zitajumlishwa na nyingine. Atakayekuwa wa kwanza kumaliza mzunguko atapata mia, anayemfuata atapunguziwa, hivyo hivyo hadi wa mwisho. Wenye mbio wakashangilia. Vichwa vya darasani wakanuna. Mimi nilifurahi kimya kimya, maana nilidhani sasa hakuna atakayewekwa kando. Mtihani ni mtihani, kila mtu anaufanya.

Nilimwambia Kavata nataka kuumaliza mzunguko hata nikiwa wa mwisho kabisa. Mto wetu wakati wa kiangazi ulikuwa mchanga mtupu, na maji tuliyachimba. Huko ndiko tulikofanyia mazoezi huku punda wetu wakingoja zamu yao kisimani. Kwenye mchanga kila mtu huzama, kila mtu huchechemea, na Kavata mwenye miguu mizima alikuwa akihema karibu nami.

"Ndinda, wewe unanitoa jasho!" alilalamika.

Nilianguka mara nyingi nikala mchanga. Lakini jioni moja nilitoka kisimani, nikafika kwenye mwamba ulio kwenye kona ya mto na kurudi bila kusimama. Tukacheka hadi punda wakageuza vichwa kututazama.

Nilifika nyumbani nikiwa bado nimejaa furaha hiyo. "Baba, na mimi nitakimbia kwa mtihani," nikasema.

Baba alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Aliliangalia goti langu lililochubuka, akaliangalia tena. "Mbuzi mgonjwa hachungwi pamoja na kundi," akasema, kisha akaendelea kusokota kamba yake. Kwetu mtoto hakumjibu baba yake.

Siku ya mtihani nilijipanga kwenye mstari wa majivu pamoja na wenzangu. Mwalimu Nzioka alikuwa ameshaweka filimbi mdomoni. Akaitoa.

"Ndinda, wewe kaa. Maksi zako nimeshakupa. Hamsini."

"Mwalimu, mimi naweza."

"Nimesema kaa."

Sauti ikatoka nyuma: "Hamsini ya kukaa! Basi hata mimi nipewe mguu kama huo!" Darasa zima likaangua kicheko. Nikarudi kivulini kwenye sweta zangu. Mutua, mvulana mnene aliyekimbia mpaka akatapika, alipata alama chache kuliko mimi, na hakunisemesha tena hadi tukafunga shule. Sikuona kosa lake. Kavata alipomaliza alikuja akaketi karibu nami, akihema.

"Wangeuweka huo mtihani mtoni," akasema.

Nilimchukia Mwalimu Nzioka kwa miaka mingi. Nilisoma nikiwa na hasira, nikawa mwalimu na kupelekwa shule moja karibu na mji wa Wote. Huko, kwenye harusi kanisani, nikamkuta amezeeka, amekaa peke yake na sahani ya wali. Nikamsalimia, na kabla sijajizuia nikamuuliza kwa nini alinikataza siku ile.

Aliweka sahani chini. "Mama Mwende," akaniita kwa jina la mtoto wangu kama walivyoniita wengine pale, "baba yako alikuja shuleni siku moja kabla. Alinivulia kofia. Akaniambia, 'Mwalimu, wasimcheke mtoto wangu nikiwa hai.' Mzee kama yule kunivulia kofia mimi kijana, ningefanya nini? Hizo hamsini nilizitafuta mwenyewe, usije ukaonekana umeanguka mtihani."

Wakati huo baba tulikuwa tumeshamzika.

Nikiwapa wanafunzi wangu alama za michezo, siwapangi kwa nani alitangulia. Mwanzoni mwa muhula namtazama kila mmoja anaweza nini, na mwishoni namtazama tena amesogea kiasi gani. Wenzangu ofisini husema najisumbua bure, kwamba michezo ni kujaza ratiba tu. Mimi huendelea kujaza daftari langu.

Kinachoniuma si zile alama. Ni kwamba wanaume wawili walikutana kuzungumza juu ya mguu wangu, wote wawili kwa upendo, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza. Baba alitaka kunikinga na kicheko, na kicheko kilinipata kwa sababu ya kukingwa. Hilo hakulijua, kwa kuwa nilirudi nyumbani siku ile nikanyamaza, naye akauona unyamavu wangu akadhani ni shukrani. Alikufa akiamini alinifanyia wema. Nami najua ni wema. Ila ningetoa chochote aje anione nikikimbia, hata mara moja, hata nikianguka.